Kutoka Orodha ya Maneno hadi Mfumo wa Dhana: Ontolojia za Taifa la Ufini

Mnamo mwaka 2001 Tim Berners-Lee, James Hendler na Mfini Ora Lassila walichapisha makala iliyoueleza Wavuti wa Kisemantiki, yaani wavuti ambamo data hupangwa ili kompyuta izishughulikie kwa kufuata maana, si maumbo ya maneno pekee. Nchini Ufini fikra hiyo ilichukuliwa kuwa suala la miundombinu ya taifa, mithili ya barabara. Mradi wa FinnONTO, ulioongozwa na Eero Hyvönen, ulianza mwaka 2003 na kudumu hadi 2012.

Msingi ulikuwapo tayari. Tangu mwaka 1987 maktaba za huko zilikuwa na YSA, orodha ya maneno ya kuainishia machapisho, ambamo kila neno lilihusishwa na lile lililo pana kuliko lenyewe. Mkutubi alitosheka nayo, mashine haikuweza. Mfano wa kioo wajulikana sana: kioo cha kujipodolea kiliwekwa chini ya kioo, na kioo chini ya samani. Kompyuta ikizipanda ngazi hizo huhitimisha kwamba kioo cha mkobani ni samani.

Kwa hiyo YSO, ontolojia ya jumla iliyotokana na orodha hiyo, ilidai uhusiano mkali zaidi: kila kilicho chini sharti kiwe kweli aina ya kile kilicho juu yake. Kazi hii ilifanywa dhana kwa dhana, nazo zilizidi 20,000. Neno la Kifini lenye maana ya mtoto lilibidi ligawanywe, mtoto wa umri na mtoto wa ukoo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana ugumu huo, kwani mtoto wa fulani aweza kuwa na mvi kichwani.

Kila dhana ilipewa kitambulisho cha kudumu, kisha majina kwa Kifini, Kiswidi na Kiingereza. Katika nchi yenye lugha mbili za taifa, hatua hiyo haikuwa ya kiufundi tu. Hata hivyo usawa wake una mpaka, maana dhana zenyewe zilichotwa kwanza katika orodha ya Kifini.

Manufaa yalionekana mapema: mwaka 2004 MuseoSuomi iliunganisha mikusanyo ya makumbusho matatu. Ila miradi ya utafiti hufa fedha zikiisha. Kilichoiokoa kazi hii ni Maktaba ya Taifa, iliyofungua huduma ya Finto mwaka 2014 na kuajiri watunzaji wa dhana. YSA ilifungwa mwaka 2019.

Helsinki ndiko pia Arvi Hurskainen alikounda kichanganuzi cha maumbo ya Kiswahili, kwa kutumia nadharia ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Kichanganuzi hicho hutambua kuwa *watoto* ni wingi wa *mtoto*. Ni mtoto yupi kati ya wale wawili, hilo ni suala jingine. Nazo orodha za istilahi za BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, huoanisha neno la Kiingereza na la Kiswahili, bila kusema kitajwa ni aina ya kitu gani.