Risasi

Kamusi hulipa neno risasi maana mbili: ile inayotoka bundukini, na metali nzito ya kijivu inayoyeyuka upesi motoni. Ni neno la Kiarabu, na katika lugha hiyo maana ya metali ndiyo ya kwanza. Huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, wengi husema masasi, wakimaanisha yale ya bunduki tu. Daktari wa upasuaji hana budi kuzikumbuka maana zote mbili.

Baadhi ya majeruhi wa risasi wa huko hufikishwa Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina timu ya upasuaji. Ndugu huuliza: mbona hamjaitoa? Swali ni la haki. Lakini risasi iliyokata neva za uti wa mgongo imeshamaliza uharibifu wake. Kuichimbua kwaweza kuongeza jeraha, na miguu hairudi. Hutolewa inapobana neva na udhaifu ukazidi, hasa kiunoni, penye matumaini zaidi ya kupona, au maji ya ubongo yanapovuja bila kukoma.

Risasi ikiachwa mwilini, ndipo maana ya pili, ile ya metali, inapoingia. Risasi iliyofunikwa na kovu ndani ya msuli huweza kukaa miaka bila madhara. Iliyo kwenye kiungo, au katika gegedu kati ya pingili, huoshwa na majimaji, ikaliwa polepole na kuingia damuni: tumbo husokota, damu hupungua, mikono hulegea. Mgonjwa aliyebaki nayo aandikiwe ilipo, kwa lugha anayoisoma, na dalili hizo zikitokea apimwe damu, hata miaka ikiwa imepita.