Amri ya Mei 1976 na Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro

Ninapofundisha mamlaka ya Rais, hurejea Moshi ya mwaka 1976. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilikuwa kimedumu tangu 1933. Mwezi Mei, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kuvivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Kazi zake zikahamishiwa vijijini na kwenye mashirika ya umma ya mazao.

Malalamiko dhidi ya vyama hivyo hayakuwa ya kubuni: wizi na madeni vilikuwapo. Lakini mwaka 1966 Rais huyohuyo aliunda kamati maalumu kuvichunguza. Njia ya kusikiliza kwanza ilikuwa inajulikana. Safari hii wenye kahawa hawakupigishwa kura.

Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, kilibaki kikifundisha ushirika katika nchi iliyokwisha kuvunja vyama vyake vikuu.

Ilihitajika sheria ya mwaka 1982 kuvirejesha. Tamko lilivunja kwa siku moja. Kujenga upya kukadai Bunge na miaka. Mtumishi wa umma anayepokea agizo leo aulize mapema: wanaoguswa wamesikilizwa, na ni sheria ipi inayoliruhusu?