Paka wa Monrovia

Wanaoshikilia kwamba paka wa nyumbani apewe nyama mbichi, wala si iliyopitishwa motoni, aghalabu hutoa ushahidi wao katika mji mdogo wa Monrovia, California, ambako Daktari Francis Marion Pottenger alifungua mwaka 1903 hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na ambako mwanawe, aliyerithi jina lake na utabibu wake pia, alikuja kufuga paka kwa mamia. Hakuwafuga kwa mapenzi. Dawa aliyowatibia wagonjwa wake ilitokana na tezi zilizo juu ya figo za wanyama, na kwa kuwa zama hizo haikuwapo njia ya kikemia ya kupima nguvu yake, ilimlazimu kuwapasua paka, kuwatoa tezi zao, kisha kutazama ni kiasi gani cha dawa kingewaweka hai.

Paka hao walipewa maziwa mabichi, mafuta ya ini la samaki, na makombo ya nyama iliyopikwa jikoni mwa hospitali, yaani maini, mioyo, bongo na matumbo, chakula ambacho mtu yeyote angekihesabu kuwa cha neema. Na juu ya hayo wengi walikufa walipopasuliwa, na waliosalia walikuwa dhaifu. Ikatukia kwamba majirani walileta paka wengi hata makombo yasiwatoshe, ikaagizwa nyama mbichi kutoka machinjioni, pamoja na mifupa na matumbo yake, wakalishwa paka wa vizimba fulani tu. Na haikupita miezi mingi ila paka wa vizimba hivyo walidhihirika kuwashinda wenzao kwa siha na kwa kustahimili kisu. Namstahi tabibu huyu kwa sababu jambo lililomjia kwa sudufu hakuliacha lipite: tangu 1932 hadi 1942 alifuatilia paka wapatao 900, kizazi baada ya kizazi, thuluthi mbili za chakula chao zikiwa nyama na thuluthi moja maziwa, wengine wakipewa nyama mbichi na wengine iliyopikwa. Wa nyama mbichi walizaa wana wenye taya pana na manyoya ya kung'aa. Wa nyama iliyopikwa meno yao yalisongamana, mifupa ikalegea, mimba zikaharibika, na wajukuu wao hawakuishi hata umri wa kuzaa.

Alipokwisha kufariki, mwaka 1967, walitokea watu waliouchukua ushahidi huu wakautwika mzigo usiouweza, wakadai kwamba moto huua uhai wa chakula cha kila kiumbe, binadamu akiwamo. Hapo ndipo ninapoachana nao, maana paka si mtu. Mwili wa binadamu hujitengenezea kirutubisho kiitwacho taurini, ilhali wa paka hutengeneza kidogo mno, naye huipoteza kila siku katika nyongo, hata hana budi kuipata katika nyama anayokula. Na nyama ikichemshwa, sehemu ya taurini hutoka ikaingia katika mchuzi, na mchuzi ukimwagwa imekwenda. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenziwe walibainisha kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika retina, na mwaka 1987 Paul Pion na wenziwe, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walionyesha kwamba paka wenye mioyo iliyotanuka na kulegea, ambao ugonjwa wao ulidhaniwa hauna dawa, walipopewa taurini mioyo yao ilirudia nguvu. Huko Monrovia hakuna aliyeipima, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa paka anaihitaji. Lakini nikiyatazama maradhi ya wale paka wa jikoni, naona upungufu huo una sehemu yake, nao ulikuwa upungufu wa kitu kimoja kinachoweza kurudishwa.

Wenye viwanda wakaizidisha taurini katika vyakula vya makopo, na ugonjwa ule wa moyo ukawa nadra. Nyama mbichi nayo haikukosa hatari zake: mnamo Desemba 2024 idara ya kilimo ya jimbo la Oregon ilitangaza kifo cha paka asiyetoka nje ya nyumba, aliyekuwa akilishwa nyama mbichi ya bata mzinga iliyogandishwa, na ndani ya chakula hicho vikakutwa virusi vya mafua ya ndege, ambavyo kuganda hakuviui, lakini kupikwa barabara kungeliviua kabla havijafika bakulini.