Pendulamu ya Bullard na Bonde la Ufa

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati yale yale, bila shaka mnaikumbuka michoro miwili ya Bonde la Ufa. Wa kwanza una mishale inayoivuta nchi pande mbili, kati ikadidimia. Wa pili una mishale inayosukuma, kingo zikapanda na kuikandamiza kati. Nilimwuliza mwalimu upi ndio wa kweli. Akanijibu, "Andika yote miwili, utapata alama." Nilizipata, lakini swali halikunitoka mpaka chuo kikuu.

Mvutano ulitetewa na J. W. Gregory, aliyelitembelea bonde mwaka 1893. Msukumo uliungwa mkono na E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali huko Uganda. Kisha, katika miaka ya 1933 na 1934, Edward Bullard wa Cambridge alizunguka Afrika Mashariki na pendulamu zake.

Pendulamu hubembea upesi zaidi pale uvutano wa dunia unapozidi. Tofauti ni ndogo mno, kazi yenyewe ya kuchosha. Bullard alikuta kwamba bondeni uvutano umepungua kuliko ilivyotazamiwa, yaani chini yake mna upungufu wa uzito.

Hapo ndipo penye utamu. Tangu 1855 George Airy alikuwa ameeleza kwamba ganda la dunia huelea, kama jahazi majini. Jahazi likipunguziwa shehena huinuka. Mbona basi bonde halikuinuka? Bullard, katika taarifa yake ya 1936, aliona kwamba lazima kuna nguvu inayolizuia: kingo zinasukumwa na kulikandamiza, na mwamba una uimara wa kustahimili mkazo huo. Ni hoja safi, na mimi bado naistahi.

Ila ilikosea. Pendulamu ilipima upungufu wa uzito, lakini haikuweza kueleza upungufu huo uko kina gani. Vipimo vya baadaye, pamoja na vya mawimbi ya matetemeko, vilionyesha kwamba chini kabisa mna mwamba wenye joto kali, uliotanuka ukawa mwepesi. Huo ndio unaosaidia kuziinua nyanda zetu za juu. Juu yake ganda linavutwa, linakonda, na kipande cha kati kinazama bila kukandamizwa na yeyote.

Leo setilaiti zinapima pande mbili za bonde zikiachana kwa milimita chache kila mwaka. Mishale ya mchoro wa kwanza ndiyo ya kweli, ingawa alama zangu za mchoro wa pili sitazirudisha.