Askari wa 1916: jina lake nani?

Leo naleta habari ya picha.

Kwenye intaneti kuna picha nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia jinsi vilivyopiganwa huku kwetu. Nyingi za upande wa Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio yake Dar es Salaam. Hazina ya nyaraka za taifa ya Ujerumani iliziweka wazi mwaka 2008, kwa hiyo hata sisi wa mega kidogo tunaweza kuziangalia kwenye simu.

Tuwaangalie basi. Askari wa Mjerumani wamepangwa mstari, kofia ina kitambaa cha kufunika shingo, miguu imezungushiwa kitambaa mpaka karibu na goti. Wale wa Mbelgiji, wa Force Publique kutoka Kongo, kwenye picha nyingi wako pekupeku. Bunduki ipo, mkanda wa risasi upo, viatu hakuna. Afisa mzungu pembeni yao amevaa buti. Jeshi hilo la Kongo ndilo liliingia Usumbura, yaani Bujumbura hii hii, Juni 1916, likaendelea mpaka Gitega, na tarehe 19 Septemba likachukua Tabora.

Lakini Mjerumani naye alikuwa ameandikisha Wamanyema, watu wenye asili ya Kongo ya mashariki. Kwa hiyo chukua picha moja ya upande huu na moja ya upande ule: inawezekana kabisa hao wawili babu zao walikunywa maji ya mto mmoja. Sisi tuliovuka Ruzizi hatuhitaji kuelezwa sana.

Tena usidanganyike kwamba unaona vita. Mashine ya picha ya wakati ule ilikuwa nzito, inasimama juu ya miguu mitatu, inatumia vioo, na mtu akitikisika picha inaharibika. Ndiyo maana karibu wote wamesimama wima kama miti. Vita vyenyewe vilichorwa, mara nyingi na watu waliokaa Ulaya. Mwaka 1918 lilichorwa bango maarufu la kuchangisha fedha Ujerumani kwa ajili ya wapiganaji wa makoloni. Aliyewekwa mbele, juu ya farasi, ni kamanda wao Lettow-Vorbeck.

Na nani alibeba mizigo? Wanahistoria wanakadiria kwamba Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi kama 260,000. Upande wa Waingereza, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vinapita 40,000, wengi kwa njaa, kuhara na homa, siyo risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao cha wapagazi. Kwenye picha wako nyuma kabisa, mzigo kichwani, sura haionekani vizuri. Wake za askari na watoto nao walifuata jeshi. Ukitafuta utawaona pembeni, wamekatwa nusu.

Sasa soma maneno ya chini ya picha. Mzungu ana jina na cheo. Jenerali Charles Tombeur aliyeongoza Wabelgiji alipewa mpaka ubaroni wa Tabora, mji mzima ukaingia kwenye jina lake. Mwafrika wa picha hiyo hiyo? Ameandikwa “askari”. Basi.

Siyo kwamba majina hayakuwepo. Mmoja tunamjua vizuri: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, mtoto wa askari, aliyeingia jeshi la Mjerumani akiwa na miaka kama 10. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe ambao haukulipwa. Hawakumlipa. Baadaye aliigiza kwenye sinema zao, halafu Wanazi walimfunga katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Jina lake limebaki kwa sababu alikwenda ofisini akagonga mlango, na barua zake zikawekwa kwenye faili. Sisi wa kadi na foleni tunaijua kazi hiyo.

Nyinyi wa mashirika, hapa naongea na nyinyi kwa heshima. Mnatupiga foto kila siku: mafunzoni, kwenye mgao wa sabuni, kwenye mpira. Najua wengine wetu hawataki jina litokee, kuna watu wanatutafuta, na hiyo ni haki yao. Lakini mtu aulizwe kwanza. Mwaka jana kuna picha yetu ilitumika kwenye ripoti fulani, chini imeandikwa “vijana wakimbizi, Bujumbura”. Tulikuwa 11 pale. Hakuna aliyeulizwa, na tisa kati yetu tungesema ndiyo.