Hindi Lilisukwa Kabla ya Barbie

Wasee, kabla hujanitumia video ya mtu akikunja nywele za Barbie kwa maji moto, tukumbushane kitu.

Barbie alizinduliwa New York 1959. Kitale ilikuwa na Kenya Seed tangu 1956, na 1964 ikatoa mahindi ya 611. Huku Trans Nzoia na Bungoma, shamba ndilo lilikuwa duka letu la doli. Unavunja hindi changa, unalifunga kitambaa, unasuka zile nywele zake laini mistari mitatu, minne. Kukhu akikupata unachapwa, maana umevunja chakula.

Doli wa mitumba alikuja na nywele za plastiki. Hizo unazungusha kwenye mrija, unafunga, unachovya maji moto, kisha baridi, unaacha zikauke. Joto hulainisha plastiki, baridi huishikisha umbo jipya. Pasi ya nywele usiguse, zitayeyuka. Na si uchawi wa Mzungu: msusi wako huchovya ncha za nywele za kusukia hivyo hivyo.

Shida yangu ni uso. Christie, rafiki mweusi wa Barbie, alitoka 1968. Mweusi kuitwa Barbie mwenyewe? 1980, kazi ya Kitty Black Perkins, na afro fupi. Miaka 21! Ni kweli nywele za hindi pia huanguka mabegani, lakini hindi halikuwa na uso wa kukuonyesha mrembo ni nani. Na ukichoka nalo, unampa ng'ombe.