Waliotembea Hawakubaki Pichani

Sote tulifundishwa darasani habari za misafara iliyopita nchi yetu, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne ya kutembea kwa miguu! Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 30. Je, mbona picha za vitabuni za safari hizo ni za kuchorwa kwa mkono?

Sababu ya kwanza ni kamera yenyewe. Kuanzia 1851 wapiga picha walitumia sahani ya kioo iliyopakwa dawa, na kazi yote ilipaswa kwisha kabla dawa haijakauka. Katika jua la bara hiyo ilikuwa taabu kubwa. Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini safarini aliiacha kamera akashika kalamu na rangi.

Sababu ya pili ni mwendo. Sahani za zamani zilihitaji mwanga kwa muda mrefu, na kitu kinachotembea hakikushikwa. Daguerre alipopiga picha mtaa wa Paris mwaka 1838, watu na magari ya farasi vilipotea. Alionekana mtu mmoja aliyesimama kung'arishwa viatu. Basi msafara wa Wanyamwezi ungepita mbele ya kamera kama hiyo, ingebaki njia tupu. Mwenye kusimama alihifadhiwa. Mwenye kubeba mzigo alifutika. Tusidhani njia ilikuwa tupu kweli.

Hata nchi iliyosimama nayo inatembea, ila polepole. Barafu ya Kilimanjaro ilipimwa kwa picha mwaka 1912. Kufikia 2007 kama asilimia 85 ya eneo lake ilikuwa imetoweka. Hapa kwetu Igunga, mbuga ya Wembere hufurika masika, na kiangazi hupasuka udongo. Picha moja haisemi habari hiyo. Picha mbili za mahali pamoja zinaisema.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mliopo shuleni: chagueni mahali pamoja, wekeni jiwe la alama, mpige picha saa ile ile mkielekea upande ule ule, masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka. Wakiingia watu au ng'ombe, msiwafukuze. Andikeni tarehe na majina.

Nanyi wenzangu wa zamani, toeni picha zilizo masandukuni, mwandike nyuma yake ni nani, wapi na lini, maadamu bado tunakumbuka. Wapagazi waliojenga Tabora kwa mabega yao hatuna sura zao, na wengi wao hatuna hata majina. Waliokuja baada yao wasipotee vivyo hivyo.